Mlango Huanza Kufa Unyayoni

Hotuba kwa mafundi chipukizi na wenye nyumba, Mji wa Kale, Mombasa

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma, assalaamu alaykum na hamjambo nyote.

Mnaona hapa mezani nimefunika kitu kwa leso. Chini yake mna bilauri mbili nilizozitayarisha alfajiri. Kila bilauri ina maji ya kimo cha kidole, nimeyatia rangi ya biriani ili yaonekane, na ndani yake nimesimamisha kipande cha mbao ya saipresi. Vipande vyote viwili nimevikata kwenye ubao mmoja, urefu wa shibiri. Kimoja nilikipaka praima, ile rangi ya msingi, mara mbili kule chini, pale msumeno ulipopita. Cha pili nimekiacha vile vile kilivyotoka kwenye msumeno. Leso hiyo tutaifunua mwisho, na naomba watoto wasiiguse.

Kitu cha pili nilichokuja nacho ni hiki kipande cha mlango. Kipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu akishike. Ni pembe ya chini ya mlango wa mbele wa nyumba moja ya Likoni, karibu na ufuo. Tazameni uso wake: rangi ya kijani bado inang'aa. Sasa kigeuzeni, mbonyeze pale chini kwa kidole gumba. Kidole kinazama. Ubao umekuwa kama mkate uliolowa chai. Mlango huo niliupaka mimi kwa mkono wangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na uliishi masika tatu tu.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyeuza mahamri asubuhi, na pesa za mlango alizidunduliza kutoka kwenye karai hilo. Nilipoitwa nikauone ulivyooza, hakunigombeza. Alinipa kiti, akanimiminia chai, akaniuliza, "Mwanangu, rangi yako nzuri hivi, mbona mlango wangu umekufa?" Sikuwa na la kumjibu. Jibu hilo nimelitafuta kwa miaka, kwa kupasua kila mlango uliooza niliokutana nao, na ndilo nililokuja nalo leo.

Tukisema mlango, macho yetu yanaona pande mbili, uso wa nje na uso wa ndani. Lakini mlango una pande sita. Kuna nyuso mbili. Kuna mbavu mbili, wa bawaba na wa kitasa. Kuna utosi kule juu, na kuna unyayo chini. Kwa mama yule nilizipaka nyuso mikono mitatu, yaani rangi mara tatu, vizuri kabisa. Mbavu nilizipaka mkono mmoja, kwa sababu mlango ukifunguliwa zinaonekana. Utosi sikuugusa, maana hakuna anayeuona. Unyayo sikuugusa kwa sababu mlango ulikuwa umeshatundikwa na brashi haikupita.

Na huko nisikogusa ndiko ubao unakonywea maji. Mti ulipokuwa hai ulikuwa na mirija, myembamba kuliko unywele, ya kupandishia maji kutoka mizizini hadi majanini. Seremala akipasua mbao kwa urefu, mirija hiyo hulala, midomo yake imefichika. Akiukata ubao kwa upana, midomo yote hubaki wazi. Kwenye mlango wa paneli midomo hiyo iko kwenye zile nguzo mbili za pembeni, juu na chini. Kwenye mlango wa mbao za kusimama, iko upande mzima. Mti umekufa, lakini mirija haikuacha kazi yake. Tone likiigusa linavutwa juu, kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko ile ya maji yanayopenya kupitia usoni.

Kisha linafuata lililo baya zaidi. Maji yakishaingia kwa unyayo, ile rangi nzuri ya usoni inayazuia yasitoke. Jua linawaka, maji yanataka kutoka kama mvuke, yanaisukuma rangi kutokea ndani, inatoka malengelenge. Watu wanaona malengelenge wanailaumu rangi, wanakwenda hadiwea kununua ya bei kubwa zaidi, wanaipaka juu ya ile ile. Wanazidi kukifunga kifuniko cha chungu kinachochemka.

Nilikaa siku moja nikapiga hesabu ambayo mpaka leo inaniuma. Mlango wa kawaida una upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 4.5. Unyayo wake wote, basi, ni sentimita 405 za mraba. Karatasi ya A4, hii mnayoandikia barua, inapita 620. Eneo hilo kwa mkono mmoja wa rangi halimalizi kijiko cha chai. Kwa kuwa mirija inakunywa, tuseme vijiko viwili. Mama yule alipoteza mlango mzima kwa vijiko vya rangi ambavyo mimi sikuviweka.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu, na likisahaulika yote shikeni hili: mlango mpya upakwe kabla ya kutundikwa. Ulazwe juu ya vihimili viwili, seremala akishaupima kwenye fremu na kuuondoa tena, akishachimba tundu la kitasa na vitako vya bawaba. Hapo ndipo fundi wa rangi aingie. Aanze na utosi na unyayo, praima mikono miwili, na mkono wa kwanza auzimue kidogo kwa tapentaini ili mirija iunywe hadi ndani. Kisha mbavu. Kisha aingize brashi ndogo ndani ya tundu la kitasa, maana tundu lile ni kisima. Maji yakifuata funguo yanalala humo na hakuna anayeyaona. Nyuso zije mwisho, na ule uso wa ndani upewe mikono sawasawa na wa nje. Upande mmoja ukifungwa vizuri na wa pili ukiachwa na mkono mmoja, ubao hunywa unyevu kwa upande mmoja na mlango hujipinda.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaotundika milango, maana hapa rangi na useremala hugombana. Mlango unaletwa Januari, kaskazi inavuma, mbao zimekauka. Seremala anaona fahari mlango ukikaa fremuni kama mfuniko wa sufuria, hata wembe haupiti. Inaingia Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu. Mbao huvimba kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, na mlango unakwama. Mtoto anausukuma kwa bega akienda shule. Fundi anaitwa, anakuja na randa, anauparura ubavu wa kitasa mpaka mlango ufungike, analipwa, anaondoka. Ubavu umebaki mweupe, hauna rangi hata kidogo. Masika inayofuata maji yanaingia hapo hapo, mlango unavimba kuliko mwanzo, randa inaitwa tena. Nimekuta mlango Majengo uliorandwa hivyo mara nne, na Januari ilipokuja nafasi yake ilipitisha kidole.

Acheni milimita 3 kila ubavu, na mkumbuke kwamba rangi nayo ina unene wake. Chini acheni milimita 8 hadi 10. Na ikibidi kuranda, praima ipakwe pale pale, kabla fundi hajakunja vifaa vyake. Sioni sababu ya seremala kutembea na randa bila kopo dogo la praima.

Mlango ukitoka bara una kazi nyingine. Hewa ya kule ni kavu kuliko ya kwetu, na ubao ukiteremka hapa unaanza kunywa unyevu siku hiyo hiyo. Usiutundike kwa haraka. Uweke ndani ya nyumba wiki mbili au tatu, umesimama juu ya vipande vya mbao, hewa ipite pande zote, uzoee pwani kwanza. Mwenye kipima unyevu akisome: mimi sipaki ubao unaopita asilimia 16.

Tena tuna adui ambaye fundi wa Nakuru hana haja ya kumjua, nayo ni chumvi. Mwenye nyumba Nyali au Likoni apitishe kidole kwenye nondo za dirisha asubuhi kisha alambe, ataelewa. Chumvi huvuta maji kutoka hewani hata siku isiyo na mvua. Ukiifungia chini ya rangi, itaendelea kuyavuta humo humo, na rangi itainuka. Ubao uliokaa uani siku tatu kabla ya kupakwa ufutwe kwa kitambaa chenye maji matamu, ukaushwe, ndipo upakwe. Hata kati ya mkono na mkono, ukiacha siku kadhaa, ufute tena. Nimesema maji matamu. Visima vyetu vingi ni vya chumvi, na nimeshuhudia mlango ukioshwa kwa ndoo ya maji ya kisima kisha ukapigwa rangi juu. Mfereji ukiwa mkavu, nunua mtungi mmoja wa maji kwa mwenye mkokoteni. Ukilinganisha na bei ya mlango, si kitu.

Chumvi hiyo hiyo inakula skrubu. Skrubu ya chuma cha kawaida itashika kutu, kutu italia machozi ya kahawia juu ya rangi, na tundu litalegea mpaka maji yapite. Tafuteni za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na kabla ya kuzikaza tia tone la praima ndani ya kila tundu. Tena ukipata mlango wa mvule au msaji, skrubu za chuma ziepuke kabisa, kwa sababu mbao hizo na chuma zikikutana na unyevu hutoa doa jeusi ambalo msasa hauliondoi.

Nataka tutoke kidogo, kwa mawazo tu, tutembee Ndia Kuu. Ile milango ya nakshi mnayopita kila siku mkienda sokoni, watu husema imedumu kwa sababu ya mbao zake. Ni kweli, msaji na mvule ni miti ya kazi. Lakini tazameni ilivyokaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene, na mlango umeingizwa ndani yake, hauko sawa na uso wa ukuta. Mvua ya kusi inayokuja kwa ubavu inapiga ukuta, na mlango unapata matone machache. Wazee walijenga kivuli kwanza. Sisi leo tunajenga ukuta wa tofali moja, tunaweka mlango ukingoni kabisa, juu hakuna hata kipaa cha mabati, halafu tunaidai rangi ifanye kazi ya ukuta. Mwenye kujenga upya, nakusihi, toa kipaa cha nusu mita juu ya mlango. Hakuna rangi nitakayokuuzia inayokishinda kipaa hicho.

Au teremkeni bandarini, kwa watengenezaji wa vyombo. Fundi wa jahazi hawezi kusema ubao wake hauna maungio. Anajua unayo, ndiyo maana anatia kalafati, pamba iliyoloweshwa mafuta, akiipigilia kila mwanya kabla chombo hakijagusa maji, na ubavu akaupaka sifa, yale mafuta ya papa. Mlango nao una maungio yake, pale paneli inapoingia kwenye ubao wa chini. Kila mvua inasimama pale, kama maji juu ya kingo ya dirisha. Pitisha uzi mwembamba wa kizibio cha akriliki kwenye kiungo hicho, upande wa nje, kabla ya mkono wa mwisho wa rangi. Lakini paneli usiigandishe kwa gundi. Inahitaji kucheza ndani ya mfereji wake ikivimba na kunywea, na ukiinyima nafasi itapasuka katikati.

Mwanya kati ya fremu na ukuta nao uzibwe, juu na mbavu zote mbili. Silikoni ya kawaida haikubali rangi. Ukiipaka, rangi inaikataa na kukunjamana kama maziwa yaliyoganda. Sema dukani unataka kizibio cha kupakwa rangi. Na zile nyayo mbili za fremu zinazozama sakafuni, zipakwe praima mara mbili kabla mwashi hajazifukia. Plasta iliyochanganywa mchanga wa chumvi haikauki kabisa maisha yake yote, na fremu itasimama ndani yake kama mtu aliyesimama majini. Mchwa nao wanaanzia hapo.

Kupaka kwenyewe mnakujua, nitapita haraka. Msasa namba 120 kwenye ubao, 240 kati ya mkono na mkono, vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye tapentaini. Mafundo ya saipresi yazibwe kwa shellaki, la sivyo utomvu utapenya. Mvule na msaji vifutwe kwa thina kwanza, kwa sababu mafuta yake huchelewesha rangi kukauka na huizuia kushika. Praima, andakoti, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, na kila mkono usiku mzima wa kukauka. Usipake mlango ukiwa juani: juu unaganda, chini bado maji, na vipovu vinatokea. Anza saa tatu asubuhi umande ukiwa umekwenda zake, na saa tisa alasiri weka brashi chini, kwa sababu unyevu wa jioni ukiikuta rangi mbichi unauua mng'ao wake.

Kuhusu vanishi, najua wengi mnaipenda, na nyuzi za mvule ni pambo. Lakini jambo hili nawaambia bila kulizungusha. Vanishi inapitisha mwanga. Jua linaupiga ubao chini yake, linaua ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi, na vanishi inabaki imeshika ubao uliokufa. Inabambuka kama gamba la nyoka. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi Machi jua linapita upande wetu wa kusini. Mlango unaotazama kusini unachomwa miezi yote ya kaskazi, kisha kabla haujapumua unapigwa na mvua ya kusi. Mlango huo upake rangi, tena isiwe nyeusi. Kama uko chini ya kipaa na moyo wako uko kwenye vanishi, chukua ile ya mashua, mikono mitano, na kila mwaka uutazame. Ukiona imepoteza mng'ao pembe za chini, piga msasa mwepesi na uongeze mkono hapo hapo. Ukisubiri mpaka ibambuke, itabidi uanze kwenye ubao mtupu.

Milango ya nakshi isitiwe vanishi nene. Inajaza nakshi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kidogo kidogo kwa kitambaa, mengine yafutwe. Mama zangu, mafuta ya nazi hapana. Najua yapo jikoni na najua mlango unang'aa siku ile ukipakwa. Lakini hayakauki kamwe. Yanashika vumbi, yanaota ukungu, na fundi atakayekuja baadaye rangi yake haitashika. Na vile vitambaa vya mafuta ya kitani msivirundike. Vikikunjwa pamoja hupata joto vyenyewe mpaka vikashika moto bila mtu kuwasha kiberiti. Vianikwe kimoja kimoja nje, au vitumbukizwe ndoo ya maji.

Na mlango ambao umeshatundikwa? Nimeona mikono imeinuka, na najua wengi wenu mna mlango kama huo. Chukueni kioo kidogo cha mkononi, mkiweke sakafuni chini ya mlango uliofunguliwa, mtazame unyayo wake. Mkiuona mweupe, subirini siku kavu za kaskazi, mng'oe pini za bawaba, mlaze mlango. Kazi ya asubuhi moja. Kwa yule mama wa Likoni nilirudi, nikamtengenezea mlango mwingine kwa gharama yangu, na huo niliulaza kwanza. Kila masika nilikuwa napita na kioo. Yeye amekwishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na mlango bado upo, wajukuu wake wanaufungua.

Sasa naomba kijana mmoja aje aifunue leso. Njoo, mwanangu. Inua kwanza hiki kilichopakwa. Kimelowa pembeni mpaka pale maji yalipofika, hapo hapo, na juu yake ni kikavu. Haya, cha pili. Kiinue juu, wenzako wa nyuma waone. Rangi ya biriani imepanda upana wa vidole viwili juu ya maji, tangu alfajiri tu. Kishike chini, ukibonyeze. Waambie unasikia nini kidoleni.